Saa Kumi na Robo, Jikoni

Saa kumi na robo, na nje kumeshaingia giza,
kama mtu kaufunika mji wa Northampton kwa sufuria.
Khelef ametupa begi la shule mlangoni,
hajavua hata viatu, anauliza:
"Baba, leo tunakula nini?"

Swali hili halina likizo.
Jana nililijibu kwa wali na maharage ya kopo,
juzi kwa tambi,
na kabla ya juzi kwa tambi zile zile
nilizozipa jina jingine.

Mchele mmoja, mapishi mengi, husema watu.
Hawajauona wangu:
una mapishi mawili tu, ubwabwa na ukoko,
na siku nyingine yote mawili katika sufuria moja.

Nafungua friji. Nusu kabichi.
Karoti tatu zimelegea kama vidole vya aliyelala.
Kipande cha jibini alichokiuma Raya akakirudisha,
alama za meno ziko pale pale, ushahidi kamili.
Kwenye barafu, makreli wawili wamekumbatiana,
hawaachani ila kwa maji ya moto.
Na muhogo wa dukani kwa Mama Akosua,
muhogo uliopakwa nta ukang'aa kama mshumaa;
umesafiri mbali kuliko mimi
na haukuulizwa viza.

Zeyana yuko juu, usingizi wake wa popo, wa mchana.
Saa kumi na moja na nusu atapanda basi
kwenda ghalani, kufunga vitu vya watu kwenye maboksi
hadi alfajiri: sufuria, miiko, vikaango
vya majiko asiyoyajua.
Ndiyo maana chakula cha jioni kwetu
hakiingoji jioni.

Vitunguu vinaingia mafutani.
Kengele ya moshi inapiga ukelele darini,
Raya anakimbia na taulo, anaipepea
kama anayempepea bibi harusi.
Mzee Zbigniew anagonga ukuta mara mbili.
Zamani nilidhani ni hasira.
Siku hizi najua: anauliza kama kutakuwa na ziada.

Tui ni la kopo. Nalitikisa sikioni
kama ninayechagua dafu.
Bizari kijiko, limau nusu,
pilipili moja nzima, isipasuke.
Mama yangu, kwenye simu, kipimo chake ni kimoja:
"Chumvi tia kiasi."
Kiasi gani, mama?
"Kiasi chake."
Nikakata simu nikiwa mjinga vile vile,
ila nimeshiba sauti.

Muhogo unatokota. Makreli wameachana, shingo upande.
Khelef anapanga: sahani tatu,
bakuli la mfuniko la mama yake,
na kibakuli cha upande wa pili wa ukuta.

Zeyana anashuka na kizibao chake cha manjano,
kile kinachomeremeta taa zikikipiga.
Hana muda wa kukaa. Kofia, funguo, begi.
Ananusa mvuke, anatikisa kichwa,
mtikiso ambao mwaka wa kumi na mbili huu
sijaupatia tafsiri.
Bakuli linaingia begini. Mlango.
Baridi inaingia kushika nafasi yake.

Tunakula.
Raya anachambua miba na kuipanga ukingoni mwa sahani,
mmoja mmoja, kama penseli.
Khelef anamimina tomato sosi, nyingi,
bila kuniangalia usoni.
Kisha, tonge bado shavuni:
"Na kesho tunakula nini?"

Saa saba usiku simu inatetemeka juu ya meza.
Ni yeye, mapumziko yake ya dakika ishirini.
"Chumvi umesahau."
Kimya. Naitazama ile taa ndogo.
Halafu:
"Nimekomba bakuli mpaka limeng'aa."

Nainuka, sikuwasha taa,
nikaloweka maharage.